Mngurumo wa Gurudumu la Nyuma

Jina la King'ora alipewa kiwandani, enzi za kugonga bati liwe masufuria, na aliyempa alidhani anamtukana. Yeye alilipokea kama nishani. Sauti yake ilikuwa ya kupasua bati. Akisimama langoni zamu zikibadilishana, hata walinzi walioamriwa wasimsikilize walimsikia. Sasa amestaafu, kama kutupwa nje na mashine zilizochakaa kunaitwa kustaafu, na sauti ileile anaitumia kuomba chumvi mezani. Majirani hucheka, husema mzee siasa haijamtoka. Mkewe hacheki. Mkewe anajua jambo jingine, na amelinyamazia miaka mingi.

Jumamosi hiyo asubuhi King'ora alikuwa uani, amechuchumaa kando ya gari lake dogo, gurudumu la nyuma la kushoto likiwa hewani. Alikuwa ameweka matofali mbele ya magurudumu ya mbele, akaingiza gogo chini ya chesisi, kwa sababu jeki hakuiamini. King'ora haamini kitu chochote kinachobeba uzito wa wengine na kuahidi hakitashuka.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa: kutoa beringi iliyoisha na kutia mpya. Kilichokuwa kikubwa ni makubaliano yaliyokuwa nyuma yake.

Binti yake pekee ni dereva wa gari la mikate. Huamka kabla ya jogoo na kuondoka na kreti zake, kwa hiyo watoto wake, mapacha wa darasa la pili, hupelekwa shule na babu. Ndiyo kazi pekee iliyombakia King'ora duniani, na aliifanya kama mtu aliyepewa nchi aiongoze. Alivaa shati lenye kola. Njia nzima aliwasimulia wajukuu habari za mgomo mkubwa, nani alisimama, nani alijificha chooni, nani aliuza wenzake akapewa usimamizi wa ghala. Watoto wa miaka saba wakawa wanajua majina ya wasaliti kuliko wanavyojua mafungu ya hesabu.

Kisha wiki iliyopita likatokea la lori. King'ora alikuwa anahama upande kukwepa shimo, lori likiwa linampita mkono wa kulia, limepiga honi mpaka honi ikakauka. Hakusikia. Kioo cha pembeni kilibaki kikining'inia kwa waya. Mapacha walifika nyumbani wakasimulia kwa furaha, maana kwao ilikuwa sinema.

Binti alikuja jioni hiyohiyo bado kavaa aproni ya kazini. Hakupiga kelele. Aliomba funguo, akalizungusha gari mtaa mmoja, akarudi.

"Baba, gurudumu la nyuma linanguruma kama mashine ya kusaga. Umeliendesha hivi tangu lini?"

"Nalisikia," King'ora akasema.

"Unalisikia?"

"Nalisikia! Beringi ya nyuma, mkono wa kushoto. Unadhani mimi nani? Nilikuwa nasubiri Jumamosi nilitengeneze."

Binti alimtazama. Ana macho ya mama yake, macho yasiyobishana. "Sawa," akasema. "Jumamosi nikimaliza mzunguko nitapita hapa. Likiwa limenyamaza, watoto utaendelea kuwapeleka. Lisiponyamaza, naondoka na gari, baba. Sitaki tugombane."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna fundi aliyeitwa, maana King'ora angeona ni kushindwa nusu njia.

Alipokuwa anafungua nati za tairi, mkewe alitoka na chai, akaiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Umepima pande zote mbili?" akauliza.

"Nipime nini? Nimesema nalisikia."

"Mimi nikikaa pale mbele naona kama linatokea kwako. Upande wako."

"Wewe mama, hebu niache. Sauti ya chuma huijui. Chuma kinakwenda huku kikalia kule."

"Ndiyo ninachosema," mkewe akajibu, akaokota kikombe cha jana na kuingia ndani.

Na King'ora alijua namna ya kupima. Hapo ndipo pa kumlaumu, wala msimtafutie kisingizio. Kiwandani mashine zilikuwa zinapiga kelele kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusikia beringi inayokufa, waliigusa. Walibandika kiganja kwenye mwili wa mashine, wakafumba macho, mkono ukawaambia. Na kwenye gari ni vilevile: unaliinua, unashika springi kwa mkono mmoja, unalizungusha gurudumu kwa mwingine. Beringi nzima haisemi kitu. Beringi mbovu inakutekenya kama mchanga uliofungwa ndani ya kitambaa. Ni kazi ya dakika mbili, na asingeshindwa. Lakini kupima kwa mkono kungekuwa ni kusema sikio halitoshi, na siku hiyo sikio ndilo lililokuwa kortini.

Akatoa tairi. Akagonga dramu ya breki kwa nyundo, huku na huku, mpaka ikaachia na kumwaga vumbi jeusi magotini. Bolti nne zilizoshika habu, kile kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani, zilikuwa zimeota kutu kwa nyuma. Alizipulizia mafuta, akanywa chai, akazirudia kwa spana aliyoichomekea bomba refu. Moja baada ya nyingine zikatoa ule mlio mkavu wa kukubali, ambao aliuhisi kwenye mfupa wa kiwiko. Kisha akaifunga sahani ya breki kwa waya, isije ikaning'inia na kuvuta bomba la mafuta.

Habu yenyewe ikagoma. Ilikuwa imeshikana na chuma kilichoibeba, kutu na kutu zikawa ndugu. King'ora akachukua nyundo kubwa.

Kuna watu wakipiga nyundo wanafikiria msumari. King'ora akipiga nyundo anafikiria meneja. Alimpiga meneja aliyesema masikio ya wafanyakazi ni mali ya wafanyakazi, kila mtu atunze yake. Akampiga yule aliyeletewa madai ya vizibo vya masikio kwa watu wa presi, ile mashine ya kubamiza bati, akatuma boksi moja la pamba. Pamba! Kwa presi iliyokuwa inatetemesha sakafu mpaka chai inacheza kikombeni! Akampiga na daktari wa kampuni, tena huyo alimpiga kwa mikono miwili. Daktari huyo alikuwa akija mara moja kwa mwaka na karatasi zake, anakaa mbele yako, anakutazama usoni, anauliza, "Unanisikia?" Aliyejibu hasikii vizuri alipewa barua ya kutofaa kazi, akaenda nyumbani na masikio yake mabovu na mikono mitupu. Basi kiwanda kizima kikajifunza kusoma midomo na kujibu, "Nasikia." Watu ambao mlango ukifungwa nyuma yao hawashtuki, walijibu, "Nasikia, daktari, nasikia vizuri sana." Na ripoti ikaandikwa kwamba kiwanda hakina tatizo la masikio.

Habu ikaruka, ikadondoka kwenye zege na kubingirika hadi kwenye ukuta.

Akaiacha huko. Akasugua kutu kwa brashi ya waya, akapaka grisi kidogo, akaingiza mpya na beringi yake ndani, inang'aa kama sahani ya wageni. Akakaza bolti kwa kupishana, dramu ikarudi, tairi likarudi, nati zikakazwa kwa msalaba. Jeki ikashuka. King'ora akasimama taratibu, magoti yakipiga kelele zao ambazo pia hakuzisikia, akaita:

"Mama! Panda, twende tukalisikie lilivyonyamaza!"

Mkewe akaja na khanga mabegani, akakaa kiti cha kushoto kama siku zote. Wakatoka getini. Mwendo mdogo, hakuna kitu. King'ora akaanza kutabasamu. Wakaingia barabara ya lami, gari likachanganya, na hapo mngurumo ukapanda kutoka nyuma, mnene, uleule, haukupungua hata kidogo.

King'ora alisikiliza kwa mwili wote. Ulikuwa unatoka kushoto. Gurudumu la kushoto lilikuwa na beringi mpya ambayo mikono yake mwenyewe imeitia sasa hivi, na mngurumo ulikuwa unatoka kushoto.

Hapo mbele palikuwa na kijiwe cha kuuza mkaa. Mwuza mkaa alimpungia mkono na kufungua mdomo kumsalimu kutoka upande wa kulia, karibu kabisa, dirisha likiwa wazi. King'ora aliuona mdomo. Sauti haikufika.

Akasimamisha gari kando ya barabara.

"Sema kitu," akamwambia mkewe.

"Niseme nini?"

Akaziba sikio la kushoto kwa kidole, akatazama nje, kwa mwuza mkaa. "Sema tena."

Alingoja. Aliona mwuza mkaa akijaza debe. Aliona mbwa akijikuna. Alipogeuka, mkewe alikuwa amemaliza kusema kitambo, anamtazama.

"Ulisema?"

"Nimesema."

"Tangu lini umejua?"

"Tangu kabla ya mgomo," mkewe akasema. "Presi ilikuwa mkono wako wa kulia. Kitandani mimi nalala upande upi? Njiani natembea upande upi? Umewahi kuniona kulia kwako, wewe?"

King'ora akatafuta katika kumbukumbu yake, ile kumbukumbu anayojisifu nayo, inayojua nani alikunywa soda ya meneja siku gani. Hakumwona mkewe kulia kwake hata mara moja.

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Ungenijibu unasikia."

Wakarudi nyumbani mwendo wa kuku, mngurumo ukiwasindikiza.

Uani, King'ora akaichukua jeki. Akaliinua gari upande wa kulia. Akafumba macho, akashika springi, akalizungusha gurudumu. Mchanga. Mchanga mtupu, unamkwaruza kiganja mpaka kwenye mkono. Kumbe aliyebaki na sikio moja husikia kila sauti ikitoka upande wa hilo moja. Kisha akaenda ukutani akaiokota ile habu ya kushoto aliyoing'oa kwa hasira, akaifuta kwa tambara, akaizungusha kwenye vidole. Ilikuwa nzima. Masikini ya Mungu, ilikuwa haina kosa lolote, ilikuwa inazunguka laini kama siagi.

Basi jambo likajionyesha lenyewe. Habu za pande zote mbili ni sawa. Kushoto kuna mpya. Aichukue hii nzima, aitie kulia, aitupe mbovu. Saa moja, saa moja na nusu kwa wingi. Gari litanyamaza kabla gari la mikate halijapiga honi getini. Funguo zitabaki. Jumatatu atavaa shati lenye kola.

Akachukua spana. Akaiweka chini. Akaiinua tena habu na kuizungusha polepole sana, akiikandamiza kwa kiganja kama anayepima joto la mtoto.

Kulikuwa na kitu. Mahali pamoja kwenye mzunguko, kidogo kuliko punje ya chumvi. Akazungusha tena. Pale pale. Na pengine tena, mkabala wake. Zile nyundo. Ukimpiga meneja kupitia beringi, meneja haumii; zinazoumia ni gololi, zinajichimbia vishimo kwenye njia yake ya chuma. Leo haitanguruma. Wiki ijayo haitanguruma. Itakaa kimya mwezi, miwili, halafu siku moja barabarani, mapacha wakiwa nyuma wamefunga mikanda, itaanza kusema, na itakuwa inamwambia mtu ambaye upande huo hasikii.

Mkewe alikuwa kwenye kizingiti, anachambua mchele kwenye ungo. "Inafaa?" akauliza, kwa sauti ya kumfikia.

King'ora alifungua mdomo kujibu inafaa. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Na alilijua jibu hilo, alilijua mpaka harufu yake. Alikuwa amelisikia likisomwa na wanaume wenye tai, mwaka baada ya mwaka. Mashine inafaa. Kelele iko ndani ya kiwango. Wafanyakazi wamepimwa. Alikuwa amesimama kwenye pipa la mafuta mbele ya watu mia tano akiwaita watu hao wauaji wa polepole, na hakuwahi kufuta neno hilo wala hafikirii kulifuta.

"Haifai," akasema.

Binti alifika wakati jua limeanza kuegemea. Alimkuta baba yake amekaa kwenye ndoo, gari likiwa limeinuliwa upande ambao hakuutegemea.

"Shikamoo baba. Mbona kulia? Si ulisema kushoto?"

"Marahaba. Nilisema."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimeitoa nzima, na mbovu bado ipo. Kaa chini."

"Siwezi kukaa, nimeacha gari la watu limebana njia. Baba, tulikubaliana..."

"Njoo upande huu basi," King'ora akasema, akipiga kiganja kwenye tofali lililokuwa kushoto kwake. "Huko ulikosimama sikusikii. Nasoma midomo tu, na wewe unaongea ukitafuna."

Binti akaacha kutafuna. Akamtazama mama yake. Mama akaendelea na mchele wake kama vile hakuna aliyesema kitu. Binti akazunguka, akakaa kwenye tofali.

King'ora akamweleza: sikio, beringi, nyundo. Aliongea kwa mara ya kwanza bila kupayuka, kwa hiyo majirani walikosa uhondo. Binti alikuwa amekuja na maneno yake amejipanga nayo tangu asubuhi, kreti baada ya kreti, na sasa hakuwa na mahali pa kuyaweka.

"Hii ingekaa kimya," akasema mwishowe, akiizungusha ile habu iliyopigwa. "Mimi nisingejua."

"Usingejua."

"Ungebaki na funguo."

"Nenda dukani kwa muuza spea kabla hajafunga," King'ora akasema. "Mwambie ileile aliyonipa juzi. Asikupe iliyofunguliwa boksi."

Binti akaenda, akarudi nayo. Walifanya upande wa kulia pamoja, na habu hii, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamkumbuka meneja, ilitoka kwa kugongwa kidogokidogo huku na huku na kutiliwa mafuta. Kabla hajarudisha tairi King'ora akamwambia binti aweke kiganja kwenye springi. Akalizungusha.

"Unahisi nini?"

"Sihisi kitu."

"Ndiyo hivyo inavyotakiwa. Sasa nenda kaliendeshe. Litupe kushoto, litupe kulia, likilemea upande ndipo linasema."

Binti akaenda na mama yake. King'ora akabaki, akaokota spana, akaona gari linatoka getini na kurudi, na hakujua kitu mpaka milango ilipofunguliwa na akaziona nyuso zao.

"Limenyamaza," binti akasema, amekuja upande wa kushoto bila kuambiwa. Akanyoosha mkono wenye funguo. "Makubaliano ni makubaliano, baba. Ulisema utalinyamazisha."

"Likinyamaza mimi nitajuaje?"

Binti akateremsha mkono wenye funguo.

"Tulikubaliana vibaya," King'ora akasema. "Na mimi nilikubali kwa sababu nilijua nitashinda. Weka funguo mfukoni. Watoto nitawapeleka kwa miguu."

"Ni mbali, baba."

"Waanze kuamka mapema. Kuna mambo ya mgomo sijawamalizia."

"Watalia."

"Wacha walie. Watanililia kwenye sikio zuri."

Binti alicheka, na kicheko kikamponyoka kikageuka kitu kingine, akajifuta kwa aproni. Akageuka kwenda zake. Mkono wa mama yake ukamzuia, ukafungua vidole vyake na kuchukua funguo.

"Mama?"

"Nani kasema waende kwa miguu?" mama akauliza. "Mimi macho ninayo, masikio ninayo. Miaka yote hii nimekaa kile kiti nasikia kila kinachoharibika, wala sijaulizwa. Baba yako atanifundisha."

"Wewe?" King'ora akasema.

"Mimi. Una kazi nyingine leo?"

Hakuwa nayo. Binti akaenda kuliondoa gari la mikate, maana sasa kulikuwa na mtu wa kuihitaji njia yote. Mama akavua khanga, akaikunja, akaikalia ili aone vizuri juu ya usukani. King'ora akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango ambao hakuwahi kuufungua kwa ajili yake mwenyewe, akakaa. Sikio lake la kulia, lile lililobaki kiwandani, likamwelekea mkewe. Aliona midomo yake ikienda, kidole chake kikionyesha chini, kwenye pedeli.

Angeweza kubahatisha. Alikuwa bingwa wa kubahatisha.

"Sikusikii," akasema. "Sema tena."

Mkewe akasema tena, kwa sauti iliyowaleta majirani wawili madirishani, King'ora akamwelekeza, naye akakanyaga aliyoambiwa na ambayo hakuambiwa, na gari likaruka kama mbuzi aliyefunguliwa, likazimika katikati ya geti.

"Tena," King'ora akasema.